Kidonda cha Sukari Mguuni: Kiondolee Uzito Kipone

Ukiwa na sukari, usikipime kidonda cha mguu kwa maumivu. Kipime kwa siku. Kina siku ngapi tangu ukione? Jibu lolote utakalotoa, mhudumu wa afya akione ndani ya saa 24 zijazo. Hata kama hakiumi. Hasa kama hakiumi.

Hapa Gesima, Kaunti ya Nyamira, mambo huanza kimyakimya. Unaingia kwenye chai asubuhi, majani bado yana umande, umevaa gambuti. Kijiwe kimeingia ndani. Unatembea nacho hadi saa sita, unapanda mlima na mzigo hadi kituo cha kupimia chai, unarudi nyumbani. Jioni unavua soksi na kuona doa la damu. Huhisi chochote, basi unafuta na kulala. Kesho yake unarudi shambani. Wiki mbili zikipita, soksi inanuka.

Sababu za kukawia kupona nitazitaja upesi, tufike kwenye kazi. Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu neva za miguu, ndiyo maana hukulisikia lile jiwe. Huifanya mishipa ya damu iwe migumu na myembamba, kwa hiyo damu haifiki vidoleni inavyotakiwa, na dawa unazomeza husafiri kwa damu hiyo hiyo. Chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu nazo hulegea. Juu ya yote hayo, unatembea. Kila hatua inakiponda kidonda upya, na kwa kuwa hakiumi, hakuna kinachokukataza.

Kwanza jua kama miguu yako bado inahisi. Mwaka 2011 madaktari wa Ipswich, Uingereza, walichapisha kipimo kisichohitaji kifaa chochote. Lala chali, vua soksi, fumba macho. Mtu wa nyumbani akuguse kwa ncha ya kidole chake cha shahada, polepole, sekunde moja au mbili tu. Asisukume wala asitekenye. Aguse kidole gumba cha mguu, kidole cha katikati na kidole kidogo, mguu wa kulia kisha wa kushoto. Jumla ni miguso sita. Kila ukihisi, sema "kulia" au "kushoto". Ukikosa miwili au zaidi, miguu yako ina ganzi. Tangu siku hiyo usiyaamini maumivu yakupe habari. Tumia macho na mikono.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi hulipuuza: uzito wako.

Unaweza kumeza dawa zote, ukabadilisha bandeji kila siku, na kidonda cha wayo kisifunge, kwa sababu bado unakikanyaga. Daktari mpasuaji Paul Brand aliligundua hili akiwatibu wagonjwa wa ukoma huko Vellore, India. Wao pia miguu yao ilikuwa na ganzi. Watu walidhani ni ukoma wenyewe unaokula nyama. Brand akawafunga plasta ngumu, kama ya mfupa uliovunjika, iliyoshika mguu mzima na kuusambaza uzito. Vidonda vilivyokaa miezi vikafunga. Baadaye njia hiyo ikatumika kwa watu wenye sukari, na mpaka leo plasta ya namna hiyo ni kati ya tiba bora za kidonda cha wayo.

Kwa hiyo ukifika kliniki, uliza kwa maneno haya: "Nitaondoaje uzito kwenye kidonda hiki?" Usitoke bila jibu. Huenda wakakupa plasta, au kiatu maalumu, au magongo, au wakabandika sponji ngumu iliyotobolewa mahali penye kidonda. Plasta hiyo haifungwi popote tu wala na yeyote. Kidonda chenye usaha au mguu usiopata damu ya kutosha huhitaji mpango mwingine, kwa hiyo mwachie aliyefunzwa aamue.

Nyumbani, panga kazi upya. Hapa ndipo watu hushindwa, na nakuelewa. Chai haingoji mguu wako upone. Mwite mchunaji umlipe kwa kilo hadi kidonda kifunge. Ndiyo, pesa zitapungua mwezi huo. Lakini mguu ukioza, utalipa mchunaji miaka yote iliyobaki. Maji yaletwe na kijana. Ng'ombe akatiwe nyasi na mtu mwingine. Mama, ile tabia ya kusema "nimepumzika" na huku unaenda jikoni mara ishirini kwa siku, iache. Hatua za ndani ya nyumba ni hatua pia. Ukipewa kiatu cha kupunguza uzito, kivae hata kutoka kitandani hadi mlangoni.

Kidonda kikiwa kisiginoni, angalia unavyolala. Kisigino kinachokandamizwa na godoro usiku kucha hakiponi. Weka mto au blanketi lililokunjwa chini ya shavu la mguu, kisigino kining'inie hewani.

Kidonda cha wayo kisicho na maambukizi, kwenye mguu wenye damu ya kutosha, mara nyingi hufunga ndani ya wiki sita hadi kumi na mbili kikiondolewa uzito sawasawa. Jipangie muda huo tangu mwanzo. Anayejipangia siku tatu huvunjika moyo na kurudi shambani.

Kuhusu kusafisha. Chemsha maji nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, acha yapoe. Nawa mikono kwa sabuni. Mwaga maji hayo juu ya kidonda, kausha ngozi ya pembeni kwa gozi safi, funika kwa gozi nyingine, funga bandeji isiyobana. Fuata ratiba uliyopewa kliniki. Usiloweke mguu kwenye karai. Kuloweka hulainisha ngozi ikapasuka na kufungulia vijidudu mlango.

Usipake majivu, dawa ya meno, majani yaliyopondwa wala unga wa kapsuli uliyoifungua. Huo unga ni maarufu sana, na watu huuamini kwa sababu kidonda hukauka juu. Chini ya gaga lile usaha unaendelea kujichimbia. Spiriti na Jik pia weka mbali, kwa sababu huua hata nyama changa inayojaribu kuota. Na dawa ya antibiotiki usijinunulie dukani. Kidonda kisicho na maambukizi hakiihitaji, na chenye maambukizi kinahitaji ile sahihi, kwa siku sahihi.

Muuguzi akianza kukata nyama iliyokufa na sugu iliyozunguka kidonda, usimzuie. Kidonda kitaonekana kikubwa kuliko ulivyokuja nacho. Ni sawa. Sugu ile ngumu ilikuwa inabonyeza kama jiwe ndani ya kiatu, na nyama iliyokufa ni chakula cha vijidudu. Usijaribu kazi hiyo nyumbani kwa wembe.

Mambo mengine ya kuomba siku hiyo: sindano ya pepopunda kama hukumbuki ulipata lini ya mwisho, na kupimwa mpigo wa damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo. Jichunguze nawe. Ukipanda mlima kutoka mtoni na shavu la mguu likakaza mpaka usimame, kisha likaachia ukipumzika, mwambie daktari. Mwambie pia kama mguu mmoja ni baridi kuliko mwingine, au ngozi yake imeanza kung'aa na vinyweleo vimeisha. Hizo ni dalili kwamba damu haifiki. Mguu wa namna hiyo kwanza unahitaji mtaalamu wa mishipa. Na kama unavuta sigara, huu ndio wakati wa kuacha. Tumbaku inabana mishipa ile ile ambayo sukari imeshaiharibu.

Pima kidonda kila wiki. Chukua rula, pima urefu na upana, andika tarehe kwenye daftari. Au piga picha kwa simu, rula ikiwa pembeni, mwanga ule ule. Baada ya wiki nne, eneo la kidonda linapaswa kuwa limepungua kwa nusu au zaidi. Lisipopungua, tiba hiyo haitoshi. Beba daftari lako, rudi, useme: "Wiki nne zimeisha na hakijapungua kwa nusu. Tufanye nini tofauti?" Daktari mwenye rekodi mbele yake huamua haraka kuliko anayeambiwa tu "kinaendelea vizuri."

Dalili hizi hazingoji kesho: harufu mbaya, usaha, kidole kinachogeuka cheusi, uvimbe unaopanda, homa au kutetemeka, kutapika, sukari inayopanda ghafla bila sababu ya chakula. Vitabu vingi husema uangalie wekundu unaosambaa zaidi ya sentimita mbili kutoka kwenye kidonda. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu haujitokezi wazi. Kwa hiyo gusa. Tumia mgongo wa mkono kulinganisha miguu miwili mahali pale pale. Penye joto zaidi, pamevimba, panang'aa au pameiva rangi kuliko kawaida, hapo pana shida. Usiku ukikukuta, tafuta gari. Ukiandikiwa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira au Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, nenda siku hiyo hiyo.

Kuna mguu mwingine unaodanganya. Hauna kidonda, hauumi sana, lakini umevimba na una joto upande mmoja. Wengi hudhani ni kuteguka na kuukanda kwa mafuta. Kwa mtu mwenye ganzi, huenda mifupa ya wayo inavunjika ndani kwa ndani. Acha kuukanyaga papo hapo na uende ukapigwe picha.

Najua kinachowafanya watu wasiende. "Nikienda watanikata." Sikia hili kwa makini. Anayefika na kidonda cha siku mbili mara nyingi husafishwa, hupewa mpango na kurudi nyumbani na vidole vyake. Anayesubiri kidole kiwe cheusi ndiye hukuta uamuzi mgumu mezani. Kuchelewa ndiko kunakokata miguu.

Gharama nazo zipangie mapema. Kama hujajisajili kwenye bima ya afya ya SHA, piga *147# leo, ukiwa bado mzima. Kwa aliyejisajili, huduma za msingi kwenye zahanati na vituo vya afya hulipiwa na mfuko wa serikali. Mtafute pia CHP wa kijiji chenu. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu hawa wa afya ya jamii 100,000 nchi nzima, na mkoba wao una mashine ya kupima sukari. Akija nyumbani kwa ajili ya mtoto, mwonyeshe na mguu wako.

Sukari yenyewe lazima ishuke, la sivyo kazi yote inakwenda polepole. Kwa watu wazima wengi, kipimo cha asubuhi kabla ya kula kinafaa kuwa kati ya 4.4 na 7.2 mmol/L. Kila miezi mitatu omba kile kipimo cha HbA1c kinachoonyesha wastani wa sukari. Wengi hulengewa chini ya asilimia 7, ila mzee sana au mtu ambaye sukari yake hushuka mno mara kwa mara huwekewa lengo lake. Kidonda chenye maambukizi hupandisha sukari hata ukila vizuri. Usiache dawa kwa kudhani hazifanyi kazi. Huenda daktari akakuweka kwenye insulini kwa muda. Kubali. Kuwekewa insulini hakumaanishi kwamba umefika mwisho.

Chakula cha kujenga nyama huna haja ya kukitafuta mbali. Mayai, maharagwe, omena, maziwa ya ng'ombe wako. Punguza ukubwa wa obokima, yaani ugali, ongeza mboga za chinsaga na rinagu kwenye sahani. Usijinyime chakula kwa hofu ya sukari, maana mwili wenye njaa haujengi ngozi. Kama figo zako zina shida, uliza kwanza kiasi cha protini kinachokufaa.

Kukagua miguu kila jioni ni dakika tatu. Juu, chini, kisigino, katikati ya vidole. Ukishindwa kuinama, weka kioo sakafuni. Macho yakiwa yamepungua nguvu, unahitaji ya mtu mwingine, na hapa chinsoni, mila yetu ya heshima na haya kati ya ndugu, ina sheria zake. Mke wa mwanao hawezi kukushika miguu, na mwanao mwenyewe ataona haya. Usilazimishe. Mpe mjukuu kazi hiyo. Mjukuu hana haya na babu wala nyanya yake, ana macho makali, na ukimwambia atafute mikwaruzo na funza, atavipata vyote. Funza akipatikana, atolewe kliniki kwa kifaa safi, si kwa pini ya nguo.

Gambuti hutaacha kuvaa, kwa matope haya. Basi zivae vizuri. Kila asubuhi zigeuze, zigonge, ingiza mkono ndani upapase hadi kwenye ncha. Vaa soksi nene, kavu, zisizo na mshono unaosugua. Beba jozi ya pili ubadilishe saa nne, kwa sababu mguu ulioloa jasho hulainika na kutoa malengelenge. Ukifika nyumbani vua, nawa kwa maji ya uvuguvugu uliyoyapima kwa kiwiko au kwa mkono wa mtu mwingine, kausha katikati ya vidole. Ngozi ikiwa kavu, paka Vaseline juu na kisiginoni, ila katikati ya vidole usipake.

Kiatu kipya nunua jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo. Kabla ya kwenda soko la Keroka, simama juu ya karatasi ngumu, mtu auchore mguu wako, kata mchoro ule. Ukifika kwa muuza mitumba, ingiza karatasi ndani ya kiatu. Ikikunjika, kiache hata kama ni cha bei nafuu na kinapendeza. Huwezi kukiamini kisikubane kwa kukijaribu, kwa sababu mguu wenye ganzi huona kiatu kidogo kuwa kinakaa vizuri.

Moto nao ni adui. Baridi ya Julai huwavuta watu kwenye jiko, miguu mbele. Mwenye ganzi huungua bila kujua. Vaa soksi mbili, kaa mbali. Kwenye boda, pikipiki nyingi zina bomba la moshi upande wa kulia, kwa hiyo panda na ushuke kushoto, na uangalie mguu umekaa wapi.

Na panya. Si mzaha. Mwaka 2005 Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake jijini Dar es Salaam walichapisha habari za wagonjwa wa sukari walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini. Ganzi iliwafanya wasiamke. Kama mahindi yako yanakaa chumba unacholala, yahamishe. Nawa miguu kabla ya kulala na uvae soksi safi.

Kidonda kikifunga, usirudishe gambuti siku hiyo. Kati ya watu kumi waliopona, wanne hivi hupata kingine ndani ya mwaka mmoja, mara nyingi mahali pale pale, kwa sababu ganzi na ule mgandamizo bado vipo. Ngozi mpya ni nyembamba. Anza na nusu saa ya kutembea, vua kiatu, kagua kwa mkono. Pakiwa na joto kuliko mguu wa pili, pumzika siku hiyo na ujaribu tena kesho, na joto likidumu siku mbili rudi kliniki. Pakiwa sawa, ongeza muda kidogo kidogo. Kile kiatu kilichokuumiza kitoe kabisa nyumbani, na tarehe ya kukaguliwa tena miguu iandikwe kwenye kadi yako kabla hujaondoka kliniki: kila mwezi mmoja hadi mitatu kwa aliyewahi kuwa na kidonda.